Ila Mama Amechoka Kidogo

Juzi shangazi yangu wa Ujiji alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikaiegemeza simu kwenye rafu ya vikombe na kuiacha iseme. Akanisalimu mimi, akamsalimu mume wangu, akawasalimu watoto kwa majina yao, akauliza kama baridi ya Durban imepungua. Akasema wao huko wote ni wazima wa afya, wanamshukuru Mungu, hofu na mashaka ni kwangu mimi niliye mbali na upeo wa macho yao. Vitunguu vikaiva. Nikatia nyanya. Shangazi akaendelea: mvua imenyesha, mihogo si haba, jirani amemwoza binti yake. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Bukavu na hana subira na watu wa Kigoma, akauliza, "Sasa huyu shangazi yako anataka nini?" Nikamwambia angoje, "ila" bado haijafika. Ilifika nyanya zikiwa zimeshashika chini ya sufuria. Ila mume wangu katutoka jana alasiri, akasema shangazi.

Nilizima jiko nikiwa na hasira. Si kwa shangazi, maskini, wala si kwa marehemu, aliyekuwa mtu mwema mwenye ulimi wa utani. Hasira yangu ni kwa ile "hatujambo". Nyinyi wa rika langu mliolelewa na wazazi walioandikiana barua kwa mkono mnaijua adabu hii: habari mbaya haitangulii salamu. Mtu atakuambia wote wazima na hali maiti iko chumba cha pili. Si uongo, kwa sababu msikilizaji anajua kungoja. Lakini mimi nimewahi kuona barua ya namna hiyo ikienda kwa mtu asiyejua kungoja, na mpaka leo nikisikia mtu anasema wote hawajambo, naitegea sikio "ila".

Utotoni mwangu tulikuwa tunakaa South Beach, hapa Durban, ghorofa ya tisa, katika fleti ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa mapazia. Upande wa dirisha tulikuwa sisi watatu, Baba, Mama na mimi. Upande wa mlango alikuwa Mama Dorcas wa Uvira na watoto wake. Ukitoa kichwa dirishani unaona kipande chembamba cha bahari kati ya majengo mawili, na kila chuma chetu, kuanzia kitanda mpaka mkasi wa Mama, kiliota kutu kwa ile hewa ya chumvi. Baba aliuza mikanda na pochi Isipingo, karibu na stendi ya teksi. Mama alikuwa msusi katika saluni ya mtaa wetu. Mikono yake ilinuka mafuta ya nywele na ncha za rasta zilizochovywa kwenye maji ya moto. Nikipita leo kwenye mlango wa saluni yoyote napunguza mwendo bila kutaka.

Lifti ya jengo ilikuwa imekufa kabla hatujahamia. Mwaka ule Mama alianza kusimama kwenye kila kona ya ngazi, mkono ukutani, na kuniambia, "Ngoja kwanza tunuse wamepika nini." Tukanusa. Ghorofa ya tatu mchuzi wa bizari, ya tano samaki, ya saba mtu ameunguza wali tena. Nilibahatisha, Mama akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kusema. Niliamini kabisa kwamba ule ni mchezo alioutunga kwa ajili yangu, na nilikuwa nikimvuta mkono ili tuwahi ghorofa inayofuata. Jioni alivua viatu, na miguu yake ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa. Ukibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo, halafu kishimo kinajaa polepole. Nao huo kwangu ulikuwa mchezo.

Hospitali Baba na Mama walikwenda, nami nilikuwepo. Karatasi zetu za kukaa nchini zilikuwa zimepitwa na muda, na kule zinakofanywa upya walikuwa wakituambia turudi mwezi ujao, kisha mwezi ujao mwingine. Mwanamke wa dirishani pale hospitali, amevaa sare nyeupe, alizitazama karatasi za Mama, akazisukuma zirudi kwetu kwa kidole kimoja. Basi kwa akili yangu nesi hakuwa mtu anayetibu. Nesi ni mtu wa dirishani, mwenye ndiyo na mwenye hapana, na Mama alikuwa amepata hapana.

Katika hali hiyo ndipo mwalimu wetu wa darasa la nne, Miss Naidoo, alipotuambia kwamba tutaandikiana barua na wanafunzi wa chuo kikuu, wale wanaokaa kule juu Berea. Sisi tungekizoea Kiingereza, na wao wangejifunza kuzungumza na watoto. Kila mmoja alipewa karatasi yenye picha ya pomboo kwenye kona ya chini, karatasi moja tu, upande mmoja tu, maana mlezi mmoja wa shule ndiye aliyezitoa na hazikuwa nyingi. Kisha Miss Naidoo akatugawia majina. Wangu aliitwa Nokwanda. Mwaka wa pili, anasomea unesi.

Siku hiyo ngazi nilizipanda bila kunusa chochote. Mama alikuwa amelala na mito mitatu mgongoni, Baba anapanga mikanda sakafuni kwa rangi. Nikawaambia kwa pumzi moja kwamba nimepata nesi wangu mwenyewe.

"Umepata nani?" akauliza Mama.

"Nesi. Namwandikia barua, naye anajibu. Tumwambie akufungulie lile dirisha."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Lakini Baba hakusikia habari ya dirisha. Alikuwa amesikia neno "barua" tu. Alisukuma mikanda kando, akaenda kunawa mikono, akarudi na kukaa kwenye kiti chetu kimoja kizima.

Inafaa mjue kwamba Baba alikuwa mwandishi wa barua wa mtaa wao kule Ujiji. Alikuwa kijana tu, lakini wanawake ambao waume zao walikuwa Dar au Lubumbashi walimjia yeye, wakakaa barazani kwao, wakasema yaliyo moyoni, naye akayavika nguo na kuyapeleka posta. Durban hakuna aliyejua hayo. Isipingo alikuwa mtu wa mikanda tu, na Kiingereza chake kilikuwa cha mikanda: saizi, bei, ngozi halisi, sista. Sasa binti yake alikuwa na barua ya kuandika. Baba angesema kwa Kiswahili, mimi ningetia kwa Kiingereza.

"Andika," akasema, amefumba macho. "Kwako mpendwa Nokwanda. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya. Ikiwa ndivyo, ni jambo la kumshukuru Mungu. Ama kuhusu sisi huku, baba, mama na mimi mwenyewe, sote ni wazima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu."

"Berea si mbali, Baba. Inaonekana kutoka kwenye ngazi."

"Kama huwezi kumshika mkono, yuko mbali. Andika."

Niliandika. Tukawasalimu wazazi wake, tukawasalimu walimu wake, tukamtakia masomo mema. Pomboo kwenye kona alizidi kunikaribia. Mama akasema kutoka kitandani, "Baba Zainabu, utaimaliza karatasi kabla hujafika kwenye neno lenyewe." Nami nikasema sasa tumwambie habari ya miguu. Baba akafumbua macho, akanitazama kama nimeingia msikitini na viatu.

"Barua ya kwanza? Utamwingilia mtu na maradhi na hata hamjajuana? Subiri kwanza azoee."

Hapo sauti ya Mama Dorcas ikaja kutoka nyuma ya pazia. Hakuna neno lililosemwa upande wetu likampita.

"Eh, Baba Zainabu! Mama iko mugonjwa hapa, na weye unaandika ati wote muko wazima? Juu ya nini?"

"Mama Dorcas, hii ni barua, si kituo cha polisi."

"Barua, barua! Kwetu tunasema kwanza fasi inauma, nyuma ndio tunasema bonjour."

"Ndiyo maana hamjui kuandika," akasema Baba, na Mama akacheka tena, na barua ikaenda hivyo ilivyo.

Jibu la Nokwanda lilikuja na vinyota vya kubandika. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, wino wa buluu. Alisema hajawahi kuandikiwa barua ya heshima kama ile, amewasomea wenzake chumbani na mmoja ameomba isomwe tena, na sasa ameibandika ukutani juu ya kitanda chake. Alifurahi sana kwamba nyumbani kwetu wote ni wazima. Mimi hayo yote niliyaruka, nikaenda mwisho, kwa sababu kwetu neno lenyewe hukaa mwisho. Mwisho alikuwa ameandika: msalimie mama yako. Si baba, mama. Nikajua kwamba ameshahisi.

Wiki zile Mama aliacha kwenda saluni. Wateja wake wa siku nyingi walipanda wenyewe mpaka ghorofa ya tisa, wakifika wanahema na kutukana lifti, naye akawasuka amekaa kitandani, wao wamekaa sakafuni baina ya magoti yake. Baadaye akawa anasuka nusu, anapumzika, anamalizia kesho yake. Baadaye wakaacha kuja. Alilala ameketi. Niliposikia akihema nilidhani anaota anapanda ngazi.

Barua ya pili Baba aliianza mapema zaidi, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na alikuwa na mengi. Mtu akikujibu vizuri huwezi kumsalimu pungufu ya alivyokusalimu. Tukawasalimu wale wenzake wa chumbani, pamoja na yule aliyeomba barua isomwe tena. Tukaishukuru kalamu yake. Tukasema sisi huku ni wazima kama alivyotuacha, ingawa hakuwahi kutuacha wala kutukuta. Nilikuwa naiangalia mistari ikiisha. Ulipobaki mstari mmoja nikaiweka kalamu chini na kulia kwa sauti.

Baba hakuwa mtu mkali. Naomba mnielewe hapo. Alimpenda Mama mpaka watu wa Isipingo walimtania, maana aliporudi alibeba kitu kila siku, ndizi mbili, karanga, chochote. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa hushika kitu anachokijua. Yeye alijua salamu. Alimtazama Mama, Mama akatazama ukutani, kisha Baba akasema kwa sauti ndogo:

"Haya. Andika: ila Mama amechoka kidogo."

Nyuma ya pazia hata Mama Dorcas hakusema kitu.

Sijui kama mtu ambaye si wa nyumba kama yetu anaweza kuelewa uzito wa maneno yale. Bibi mzaa baba aliposemwa kwenye simu kwamba "amechoka kidogo", Baba alikopa nauli na kuondoka siku ileile, na bado alikuta wameshazika. Kusema "amechoka sana" ni mazungumzo tu, kila mtu huchoka sana. Lakini "kidogo" haisemwi ovyo. Niliiandika nikibonyeza hadi kalamu ikatoboa karatasi. Niliona kwamba tumepiga kelele mpaka Berea, na kwamba Nokwanda akishafungua bahasha ataacha kitabu wazi mezani na kuja mbio.

Kila nikitoka shule nilisimama dirishani. Nilitafuta mtu mwenye sare nyeupe kati ya watu wanaotoka ufukweni na taulo, madereva wanaoita abiria, watoto na aiskrimu zao. Mama akauliza natafuta nini. Nikasema namtazamia mgeni. "Basi nipake mafuta usoni," akasema, "asinikute nimepauka." Nikampaka, na siku iliyofuata nikampaka tena.

Kilichokuja ni barua. Nokwanda aliandika: mwambie mama yako apumzike! Hata mimi nimechoka, eish, mitihani hii itanimaliza, tunakunywa kahawa mpaka macho hayafumbi. Mwambie ainue miguu juu ya mto, atajisikia vizuri. Na kinyota cha dhahabu chini yake.

Niliisoma kama sisi tunavyosoma. Kwetu mtu mwenye adabu hakuambii hapana. Anakuambia pumzika, Mungu yupo, tutaonana, nawe unajua kwamba mlango umefungwa na unashukuru kwamba haukubamizwa. Kwa hiyo nilielewa kwamba Nokwanda amejua, amepima, na amekataa. Mtu wa dirishani ni mtu wa dirishani tu, hata akiwa na vinyota. Baba aliponiuliza kasemaje, nikasema kasema Mama apumzike.

"Ana adabu," akasema Baba.

Nilimchukia Nokwanda kwa namna ambayo sijamchukia mtu mwingine maishani. Niliibana barua yake chini ya mguu wa kitanda, upande ule uliokuwa unayumba.

Mama alikufa asubuhi, baina ya chai na shule. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amenisuka upande mmoja wa kichwa, akaniambia upande wa pili tutamalizia kesho. Aliniomba nifungue dirisha, nikafungua, na nilipogeuka Baba alikuwa ameshapiga magoti. Walimzika alasiri ileile. Wanaume wa msikitini walipanda ngazi zote na jeneza, na kushuka nalo kwa zamu, na niliwasikia wakipumzika kwenye kila kona. Mimi sikuchukuliwa makaburini. Nilibaki na Mama Dorcas, ambaye alinikalisha baina ya magoti yake akanisuka upande uliobaki. Mistari yake ilikuwa minene, ya Kikongo, ya Mama ilikuwa myembamba. Kwa muda mrefu nilikataa kufumuliwa.

Nilipoanza tena shule Baba alinipa kikaratasi cha kumpa Miss Naidoo, kimetafsiriwa na mtu wa msikitini: Zainabu hakuwepo kwa sababu ya udhuru wa kifamilia. Miss Naidoo akakisoma, akasema sawa, akanitaka nimalize mazoezi niliyokosa. Basi hata pale hakuna aliyejua.

Ijumaa moja kabla ya likizo, wanafunzi wa chuo walikuja kutuona. Ukumbi ulipangwa biskuti na juisi, na kila mtoto alivaa jina lake kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kutomtazama. Lakini alinitafuta yeye, akisoma vifua vya watoto mmoja baada ya mwingine. Akaja akicheka, msichana mfupi, mnene kidogo, miwani mikubwa, suruali ya jinzi. Hakuwa na sare nyeupe. Alinikumbatia nikasimama kama nguzo. Kisha akatoa kwenye begi lake viatu vya ndani, laini, vya zambarau, vimefungwa na utepe.

"Hivi ni vya mama yako," akasema. "Uliniambia amechoka. Mama yangu naye kazi yake ni ya kusimama, najua. Hajambo sasa?"

Nilivitazama vile viatu. Visingemwingia, kwa miguu ile.

"Amekufa," nikasema. "Na wewe ulijua."

Kicheko kilibaki kidogo usoni mwake, hakijapata habari. "Nilijua nini?"

"Nilikuandikia."

"Zainabu, uliniandikia kwamba amechoka."

"Kidogo!" nikapiga kelele, ukumbi mzima ukageuka. "Nilikuandikia amechoka kidogo!"

Alinitazama mdomo wazi, na hapo ndipo nilipoliona. Neno lile ambalo lilikuwa limenyamazisha hata Mama Dorcas, yeye lilikuwa limempita kama upepo. Alikuwa amesoma amechoka, na kidogo, akafurahi kwamba ni kidogo. Hakukataa. Hakuna mtu aliyemwomba kitu. Nokwanda akakaa kwenye kiti cha mtoto, viatu mapajani, akavua miwani na kulia mbele ya wenzake wote, na mimi chuki yangu ikaniishia pale pale, sikuwa na pa kuiweka.

Miss Naidoo aliposikia alijiziba mdomo, kisha akamruhusu anisindikize. Kwetu ni karibu na shule. Ngazi alizipanda akilia na kuhema, na alipofika mlangoni, joto lote lile, akatoa sweta begini na kujifunika mabega kwa heshima. Baba alikuwa ametoka swala ya Ijumaa, bado na kanzu. Akamsogezea kile kiti. Nokwanda akakataa kwa kichwa, akakunja miguu na kuketi mkekani, kama kwao wanavyoketi kwenye nyumba yenye msiba, akainamisha macho.

Baba hakuwa amepata mgeni wa kumsalimu kwa siku nyingi. Watu wa matanga walikuwa wameshatawanyika. Akauliza hali yake, hali ya wazazi, hali ya masomo, hali ya wale wenzake wa chumbani, na mimi nikawa natafsiri, kwenda na kurudi. Nokwanda aliitikia kila salamu kwa heshima. Kisha akashindwa, akaanza kusema haraka haraka, Kiingereza ambacho Baba asingeweza kukikamata hata neno moja.

Alisema kila Jumatano wao wanafunzi, pamoja na walimu wao na daktari mmoja, wanafungua kliniki katika ukumbi wa kanisa la mtaa wetu, lile la pembeni ya duka la matairi. Hawaulizi mtu karatasi. Wanapima, na aliyezidiwa daktari anampeleka hospitali kwa mkono wake mwenyewe, na akipelekwa hivyo anapokelewa. Alisema yeye mwenyewe alikuwa pale, Jumatano zote za muhula ule. Angejua, alisema, angepanda hapa na kumbeba mgongoni. Labda angepona, labda asingepona, lakini angetibiwa. Akasema, "Mwambie baba yako. Tafadhali mwambie. Nisamehe, lakini kwa nini hamkuniambia?"

Ukumbi ule nilikuwa naupita kila siku. Mama naye aliupita.

"Anasema nini?" Baba akauliza.

Alikuwa ameweka mikono magotini, shingo ameisogeza mbele, anangoja. Nilimwona jinsi kanzu ilivyomning'inia mabegani. Kama ningelitaja lile kanisa, kila barua ingemrudia, neno kwa neno, kila salamu aliyoisema amefumba macho wakati mistari inaisha.

"Anasema barua zako zilikuwa nzuri," nikasema. "Anasema hajapata kuona barua kama zile."

"Ndiyo anayolilia?"

"Ndiyo, Baba."

Baba akanyoosha mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi nimwone amekaa wima. Akamtazama yule msichana kwa huruma, akasema, "Mwambie barua ni nusu ya kuonana. Mwambie asome kwa bidii."

Nokwanda alikuwa ananitazama mimi, macho mekundu, anangoja hukumu yake. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Baba anasema si kosa lako. Anasema asante kwa kuja."

Akajifunika uso kwa sweta, akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Wote wawili wakatulia, kila mmoja na kile nilichompa. Baba yu hai mpaka leo, ana wajukuu, na hajui kulikuwa na nini pembeni ya duka la matairi. Sitamwambia. Hakuna aliyenifundisha kufanya vile. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, na adabu niliyokuwa nimeilaani mchana kutwa niliikuta imeshakaa mdomoni mwangu.

Kisha Baba akakumbuka kwamba mgeni hajapewa kitu, akanituma chai. Nikaenda nyuma ya pazia, kwa Mama Dorcas, lilipokuwa jiko. Yeye Kiingereza alikijua, na alikuwa amesikia yote. Alinipokonya birika mkononi, akaiweka mezani, na nikamlilia mama yangu kifuani kwake, nimeuma nguo yake ili Baba asisikie.